Safi au yote? Duka la kuchapa mahojiano, mtaa wa leso, Mombasa

Duka lenyewe halina ubao. Ukishuka Posta uingie mtaa wa leso, utafute mlango ulio katikati ya muuza leso na muuza vipuri vya cherehani, upande ngazi za giza mpaka ghorofa ya kwanza. Mlango wa pili kushoto, wenye pazia la kijani. Ndani mna meza mbili, feni moja, mashine ya kutoa kopi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na dada mmoja mwenye visikizi masikioni. Hanyanyui kichwa ukiingia. Akimaliza sentensi yake ndipo hukutazama, na swali lake la kwanza, hata jina hajakuuliza, ni hili: "Safi au yote?"

Safi ni shilingi 40 kwa dakika ya sauti. Yote ni 50. Ukitaka safi, anaziondoa "aah" na "yaani" na kurudiarudia, anazinyoosha sentensi, unapata maneno yaliyopigwa pasi. Ukitaka yote, ni yote kweli: kikohozi, kicheko, kimya, jogoo wa jirani. Wateja wake wengi ni makarani wa mawakili na watu wa mashirika, na karibu wote huchukua safi. Mimi siku ile nilisimama mlangoni na flashi mkononi nisijue la kujibu. Nina shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, ya pili ya anthropolojia, fani ya kuchunguza mila na maisha ya watu, na ya tatu niliyoifanya nusu huku nusu kule chini ya wasimamizi wawili wasiopikika chungu kimoja. Nimekaa mbele ya majopo ya chuo yakanihoji mimi ni mtu wa fani gani, na hakuna aliyeniuliza vizuri kama dada yule.

Nilikuwa na rekodi 38, jumla saa 41. Utafiti wangu ni wa nyumba za kisiwani na Likoni zinazolea watoto wa jamaa: nyanya anayelea mjukuu, shangazi anayelea mtoto wa kakake, mama mdogo aliyepewa kitinda mimba cha dadake. Kwetu Pwani jambo hili ni la kila siku; mimi mwenyewe nimekulia kwa shangazi miaka mitano na sikuwahi kudhani kuna kitu cha kuelezwa. Lakini ukikaa kwenye kiti cha afisa wa watoto, huyo ni mtoto aliyetengana na wazazi wake, na lazima pawe na sababu. Ukikaa kwenye kiti cha mwanaanthropolojia, mtoto ni uzi unaoshona nyumba mbili. Mwanaanthropolojia Esther Goody aliandika hayo juu ya Wagonja wa kaskazini mwa Ghana, ambao mtoto wao hupelekwa kukua kwa jamaa hata pale ambapo kwao hamna dhiki yoyote. Na Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala, ulezi wa mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa jina lake. Kwa hiyo si kwamba serikali haijui. Ila fomu na sheria hazitembei mwendo mmoja.

Kabla ya kumjua dada huyu nilijaribu kampuni moja ya mtandaoni, ambayo jina lake naliacha. Niliwapa rekodi tatu, dakika 160, kwa shilingi 60 kwa dakika. Nikalipa 9,600 na kazi ikarudi siku ya pili asubuhi, imepangwa vizuri, herufi nzuri, kurasa zimetiwa nambari. Nikaifungua kwenye feri. Ukurasa wa nne nyanya mmoja wa Kuze alikuwa ametiliwa mdomoni sentensi hii: "Mtoto wangu haoni tena." Nikashtuka. Nilikaa na nyanya yule saa mbili nzima, mtoto asiyeona sikumwona wala sikutajiwa. Nikaanza kuwaza kliniki ya macho, nani wa kumpigia, nikajilaumu kwa kupitwa na jambo kubwa kiasi hicho. Nilipofika nyumbani nikasikiliza rekodi. Nyanya alikuwa amesema, "Mato yangu hayaoni tena." Mato, kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ni macho. Alikuwa anasema kwa nini hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Basi kampuni ikanizalia kipofu.

Hayo ni makosa ya lugha, na mtu wa bara au mashine inaweza kusamehewa. (Programu ya simu niliyoijaribu baadaye ilikuwa mbaya zaidi, kila "ndia" (njia) na "ndaa" (njaa) ilizipindua ikatoa maneno ambayo hata sikuweza kukisia yametokea wapi.) Lililoniudhi hasa lilikuwa lingine. Katikati ya rekodi ya pili adhana ya alasiri inaanza, nyanya ananyamaza, mimi nanyamaza, na dakika nne zinapita. Kampuni iliandika "kelele" ndani ya mabano, ikanitoza dakika zote nne.

Dada wa mtaa wa leso nilimpelekea rekodi hiyohiyo kama jaribio. Akaandika "(adhana, wote wananyamaza)" na kwenye risiti akazitoa dakika nne. Nilipomuuliza akasema, "Adhana haina bei, mwalimu." Kisha akarudi kwenye visikizi vyake.

Ninaomba niieleze meza yake, maana sikuwahi kuona kazi hii ikifanywa hivi. Chini ya meza ana kanyagio lililounganishwa na kompyuta kwa waya. Akikanyaga, sauti inakwenda. Akiachia, inasimama na kurudi nyuma kidogo, ili akikanyaga tena asipoteze neno alilokatia. Mikono haiondoki kwenye vibonye hata mara moja. Ukimtazama kutoka mlangoni utasema ni fundi cherehani. Mwendo wa mguu ni uleule, hata kichwa anakiinamisha vilevile kama anayefuata mshono. Kando ya kompyuta ana daftari la mistari ambamo huandika kwa penseli kila neno lililomtatiza pamoja na dakika yake. Ukija kuchukua kazi hakupi mpaka mpitie daftari pamoja. "Dakika ya 17, amesema 'kutwa' au 'kitwa'? Sikiza." (Kitwa ni kichwa.) Unavaa visikizi vingine, unasikiza. Mara nyingi yeye ndiye aliyesikia sawa.

Hiki hapa ni kipande cha nyanya wa Kuze kama alivyokichapa. Nyanya mwenyewe ameniruhusu kukitumia bila jina, na nimebadilisha mahali pamoja. (Nimepawa ni nimepewa, sikuwatiwa ni sikuachiwa, mtele ni mchele.)

MIMI: Na huyu alikujaje kwako, nyanya?
NYANYA: Nimepawa. (sekunde 6) Sikuwatiwa, mwanangu. Nimepawa. Mamake alikuja nae hapa na nguo zake na mtele kibaba... vibaba viwili. Akanambia, mama, huyu ni wako. (anacheka) Hata jina la nyumbani nimempa mimi.
MIMI: Na mamake yuko wapi sasa?
NYANYA: Yuko. Yuko Changamwe. Idi huja. (sekunde 4) Waniuliza kama kwamba amekufa.

Pembeni ya "vibaba viwili" palikuwa na penseli: "Amejirekebisha, nimeacha vyote."

Kampuni, katika toleo lao, waliandika hivi: "Mtoto aliachwa na mama yake kwa bibi yake. Mama anaishi Changamwe na humtembelea wakati wa Idi." Hakuna uongo wa kushikika humo, ila limekosekana "nimepawa". Kuna neno "aliachwa", ambalo nyanya alilikataa kwa kinywa chake: sikuwatiwa. Mchele pia haumo. Na mchele ndio ushahidi. Mama anayemtupa mtoto haji na vibaba viwili vya mchele na kumwita anayeachiwa "mama". Sekunde sita za kimya nazo zimepotea, na mimi nilikuwepo, nakumbuka ule ulikuwa muda wa nyanya kunitazama kuona kama nimeelewa, kisha akaamua sijaelewa, akarudia.

Lakini nisijifanye msafi mimi. Kabla ya kuingia chuoni nilifanya kazi miaka saba katika shirika moja la watoto, na fomu yetu ilikuwa na mahali pa kutia alama: sababu ya mtoto kutoishi na wazazi. Yatima. Ametelekezwa. Umaskini. Mzazi yuko gerezani. Nyingine. Hiyo "nyingine" ilikuwa na mstari mfupi kama kidole gumba. Unapoandika fomu ya tisa siku hiyo, na jua la saa nane, na mama wa nyumba anakusubiri umalize akaanike samaki, mkono unakwenda penye kisanduku. Kuna msichana wa Majengo niliyemtilia alama "ametelekezwa". Neno lile likasafiri na faili meza kwa meza. Miaka mitatu baadaye mamake alikuja kumtafutia cheti cha kuzaliwa, akaulizwa mbele ya watu ni lini ameamua kumtaka tena mtoto wake. Niliambiwa habari hiyo na shangazi wa msichana. Neno ni langu, niliandika kwa kalamu yangu.

Kwa hiyo wenzangu wa anthropolojia wanaposema ustawi wa jamii ni kujaza visanduku, nakubali, na wakati huohuo nakasirika. Maana mtoto akipelekwa hospitali usiku saa tano, muuguzi hataki kurasa tisa zenye jogoo na sekunde za kimya. Anataka mistari mitatu: nani mlezi, nani mwenye mamlaka ya kutia sahihi, mtoto ana ugonjwa gani wa tangu awali. Hiyo ni safi, na safi inaokoa. Mwaka huohuo wa utafiti nilimpelekea dada kazi nyingine, nje ya utafiti, maelezo ya mjomba mmoja aliyekuwa anatafuta kutambuliwa kama mlezi. Kwa idhini yake tukachukua safi. Zikawa kurasa mbili, shilingi 880, na zilifaa mahali zilipopelekwa. Yote ingemharibia, alikuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, na karani angechoka ukurasa wa kwanza.

Kinachonishangaza ni kwamba fani hizi zilizaliwa karibu hivyo zikaja kununiana. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House huko Chicago mwaka 1889 walihamia wakaishi humo humo katika mtaa wa wahamiaji maskini, na watu wa nyumba ile wakapita mlango kwa mlango wakiuliza nani anatoka nchi gani na anapata mshahara kiasi gani kwa wiki, wakachora ramani. Mwanaanthropolojia Malinowski alipanga hema lake katika visiwa vya Trobriand mwaka 1915, robo karne baadaye, na yeye ndiye tunafundishwa kuwa ndiye baba wa kukaa na watu. Addams akaitwa mama wa ustawi wa jamii, akapewa Nobeli ya Amani mwaka 1931, na katika madarasa ya anthropolojia niliyokaa sikumsikia akitajwa. Hata hapa kwetu, Kenyatta alikaa darasani kwa Malinowski London kabla hajawa mwanasiasa wa kuitwa rais, na anthropolojia aliyoisoma akaitumia kutetea ardhi. Sijui ungeiweka rafu gani ya maktaba kazi ya namna hiyo.

Marekani siku hizi wanazo njia rasmi. Wayne State ya Detroit wana shahada ya uzamifu inayobeba majina yote mawili, ustawi wa jamii na anthropolojia, na Chuo Kikuu cha Michigan kina programu ya pamoja ambamo mtu wa ustawi wa jamii huchagua fani moja ya sayansi ya jamii, anthropolojia ikiwemo. Mimi nilishona yangu kwa mkono, na mshono unaonekana. Nilipoomba kazi ya uhadhiri, jopo la kwanza liliniuliza, "Tasnifu yako ina mapendekezo mangapi?" Nikasema sita. Wakatabasamu. Jopo la pili, chuo kingine, idara nyingine: "Kwa nini mtu wa ethnografia anaandika mapendekezo?" (Ethnografia ni kuandika maisha ya watu kwa kukaa nao.) Makala zangu zikitoka kwenye jarida la huku, kule hazihesabiwi katika kupandishwa cheo, na zikitoka kule, huku wanasema ni hadithi nzuri lakini afisa wa watoto afanye nini Jumatatu asubuhi? Swali la Jumatatu asubuhi nalipenda, kusema kweli. Ningetamani na wa pili walipende.

Turudi dukani.

Suala la siri lilinipa hofu kuliko bei. Nimepata kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, nimeapa kwa maandishi kwamba sauti za watu zitalindwa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, halafu naweka saa 41 za siri za watu mikononi mwa mtu wa mtaa wa leso. Na Mombasa ni ndogo. Ukikohoa Kibokoni, Bondeni wanakuuliza umepona. Nikamletea dada mkataba wa usiri wa kurasa nne za Kiingereza, ule wa chuo. Akaufungua, akaufunga. "Mwalimu, nitie sahihi maneno ambayo wewe mwenyewe hukuyaandika?" Tukakaa tukaandika wetu, ukurasa mmoja, Kiswahili. Hatasikiza mbele ya mtu. Hatabaki na nakala. Akimaliza nije nione akifuta, na pipa la kompyuta alimwage mbele yangu. Kisha akaongeza sharti lake ambalo sikulifikiria kabisa na ambalo halimo katika mkataba wa chuo chochote nilichopitia: "Sauti nikiijua, nairudisha. Sitakwambia ni nani kwangu."

Rekodi ya 23 aliirudisha. Niliikuta ndani ya bahasha ya kaki, flashi peke yake, na kikaratasi: "Dakika moja na nusu tu. Sikuendelea." Hakunieleza ni jamaa, ni jirani, ni mtu aliyewahi kukosana nae. Sikumuuliza. Pesa ya rekodi ile nilikuwa nimeitanguliza kwa M-Pesa. Aliituma jioni ileile na ada ya kutuma akaibeba yeye.

Nikaichapa mwenyewe. Ilikuwa ya saa moja na dakika kumi, na bila kanyagio ilinila usiku nne. Ndipo nikaelewa kwa nini anatoza 50. Na ndipo, dakika ya 52, nikasikia kitu nilichokuwa nimekisikia siku ya mahojiano na kukiacha kipite. Mlezi anasema, kama anayesema habari za mvua, kwamba mvulana hulala dukani kwa mjomba, "kuangalia mali". Nimebadilisha mambo hapa ili watu wasijulikane, ila umri siubadilishi: miaka kumi na moja.

Sikio langu la anthropolojia lilikuwa limeandika pembeni ya daftari: "anafundishwa biashara na mjomba, taz. mjomba na mpwa." Na si uongo, watu wengi wa biashara katika mji huu walianza kwa kulala dukani. Sikio la ustawi wa jamii likaniuliza, usiku wa nne, saa saba, nani ana ufunguo wa duka hilo kwa nje?

Fomu yangu ya ridhaa ina sentensi inayosema nitatunza siri isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Sentensi hiyo ilipigiwa vita. Msimamizi wa anthropolojia alitaka niiondoe, akasema itafunga midomo ya watu. Wa ustawi wa jamii akasema bila hiyo hatii sahihi. Niliibakiza na nikawa naisoma kwa sauti kila nyumba, na hakuna aliyenyamaza kwa sababu yake, au labda walinyamaza nisijue. Basi nilirudi kwa mlezi, nikamkumbusha sentensi, nikamwambia kinachonikereketa. Tukaenda kwa mjomba pamoja. Ufunguo ulikuwa kwa nje. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameibiwa mara mbili na alidhani anamwamini mtoto. Tulikubaliana, kwa kahawa na mazungumzo marefu kuliko ninavyoweza kueleza hapa, mvulana alale nyumbani na aende dukani akitoka shule. Nilifuatilia. Analala nyumbani.

Nikayaandika yote hayo katika sura ya tano. Msimamizi wa anthropolojia akaandika pembeni: "Umeubadilisha uwanja uliokwenda kuutazama." Wa ustawi wa jamii akaandika, kwenye ukurasa uleule: "Ulisikia siku ya mahojiano. Ulikwenda baada ya siku tisa. Eleza siku tisa."

Niliibakiza sura kama ilivyo na siku tisa nikazieleza, aya mbili. Sijazipenda mpaka leo.

Haya, kasoro za duka, maana nisije nikaonekana nimelipwa. Ngazi ni hatari, hasa mvua ikinyesha, na mtu mzima wa magoti asijaribu. Muda anaokwambia usiuamini: aliniahidi wiki mbili kwa rekodi kumi za kwanza, nikapata baada ya tano, kwa sababu mawakili wakija na kesi ya kesho wewe unasogezwa. Umeme ukikatika hana jenereta. Kigiriama na Kiduruma hachapi. Akikuta sentensi anaacha nafasi na kuandika "(Kigiriama)", kisha anakuelekeza kwa mwenzake wa Kisauni anayetoza kivyake na anayechukua muda wake. Katika rekodi zangu za Likoni hilo lilinigharimu. Na Sheng' ya vijana inamshinda. Kijana mmoja wa miaka 19 alijaziwa alama za kuuliza ukurasa mzima mpaka nikacheka, nikamwita mwanangu wa kuzaa aje azijaze, kisha nikakumbuka mkataba nikamfukuza chumbani.

Halafu tarehe. Sijui kwa nini mtu anayesikia tofauti ya "kutwa" na "kitwa" anakosea tarehe, lakini anakosea. Zikague.

Rekodi nilizomlipa mpaka sasa ni saa 27, shilingi 81,000, zote "yote". Chuo hakikunipa hata senti ya kuchapia; bajeti ya utafiti ina mstari wa usafiri na mstari wa chakula cha mchana, ya kuandika walichosema watu haina. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaokwenda mafunzo ya kazini nimeanza kuwapeleka pale wawili wawili, wakae nusu saa wamtazame akifanya kazi, kisha nawapa kipande kimoja cha sauti cha dakika tano (changu mwenyewe, nikimhoji shangazi yangu, kwa ruhusa yake na kwa vitisho vyake) waandike mara mbili: mara ya kwanza kama faili, mara ya pili kama alivyochapa dada. Mmoja aliniambia faili lake lilimchukua dakika kumi na nakala ya pili mchana mzima, na kwamba baada ya kumaliza ya pili alirudi akafuta mstari mmoja katika faili. Sikumuuliza ni upi. Nilimpa alama.

Akifungua ni saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ijumaa anafunga saa sita hadi saa nane na nusu. Ramadhani hufunga mapema, na kumi la mwisho hapokei kazi kabisa. Usilipe yote mapema, nusu yatosha. Nenda na flashi yako mpya. Ya kwangu ya zamani ilikuwa na virusi, akaigundua kabla hajaifungua, akanirudishia kwa ncha za vidole kama anayeshika dagaa aliyeoza. Nimebakisha rekodi kumi na tatu. Ameniambia nije baada ya Idi.